Maswali ya sinema: huko Cannes, Venice na Berlin nani anachagua, nani anashinda?

Haya jamani, safari hii maswali yote ni ya matamasha ya filamu ya kimataifa, hasa Cannes la Ufaransa, Venice la Italia na Berlin la Ujerumani, maana ndo yaliyojaa, na mengi yanafanana kwa hiyo mengine nimeyaunganisha. Waliouliza habari za tamthilia mnisubiri, zamu yenu inakuja.

*Shikamoo anko. Hivi hawa majaji wa Cannes, ambao wengi ni mastaa wenye kazi zao, wanapata wapi muda wa kuangalia filamu za dunia nzima halafu wachague iliyo bora? Au tunadanganywa tu? – Mdadisi*

Marahaba Mdadisi. Hawaangalii filamu za dunia nzima, na wala hakuna aliyewahi kusema wanaangalia, ni sisi tu ndo tunajiwekea hivyo kichwani. Majaji wanaletewa filamu kama 20 hivi, zile zilizoko kwenye shindano kuu, wanaziangalia ndani ya siku zisizozidi 12, wanajifungia, wanaamua, wanapanda jukwaani wamependeza, basi. Ile kazi nzito ya kuchukua filamu zaidi ya 2,000 zilizotumwa na kuzichuja mpaka zibaki hizo 20 ilishafanywa miezi kadhaa nyuma na watu wengine kabisa, ambao wengi wenu hata sura zao hamzijui. Cannes bosi wa uchaguzi ni Thierry Frémaux, Venice ni Alberto Barbera, Berlin kuanzia tamasha la 2025 ni Tricia Tuttle. Kila mmoja ana kamati yake ya watu wanaoshinda wanaangalia filamu usiku na mchana, nyingine dakika 20 tu wameshajua hapana, nyingine wanabishania wiki nzima.

Ndo maana mimi siku ya tuzo huwa sipaniki nayo sana. Siku yangu ni ile ya mwezi wa 4 Frémaux anapokaa mbele ya waandishi kule Paris anasoma orodha, maana hapo ndo filamu karibu zote za dunia zinakuwa zimeshaaga mashindano bila jaji hata mmoja kuziona. Jaji hawezi kuipa tuzo filamu ambayo haikuwekwa mbele yake, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Na usidhani ilikuwa hivi tangu zamani. Cannes ilianza kufanyika 1946, na kwa miaka mingi nchi zenyewe ndo zilikuwa zinateua filamu ya kutuma, yaani serikali au chama cha filamu cha nchi kinakaa kinasema mwaka huu tunapeleka hii. Mnajua wenyewe serikali zinapenda filamu za aina gani. Mwaka 1972 tamasha likasema hapana, kuanzia sasa tunachagua wenyewe, na hayo ndo mabadiliko makubwa kuliko yote kwenye historia yake kwa maoni yangu, kwa sababu yalifungua mlango kwa filamu ambazo kwao hazitakiwi. Angalia Jafar Panahi wa Iran, filamu yake It Was Just an Accident aliipiga kwa siri bila kibali cha serikali, na 2025 ikachukua Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes. Kwa utaratibu ule wa zamani unadhani nani angeituma?

*Anko mambo. Kuna jamaa namfahamu alituma picha mtandaoni kwamba filamu yake imeonyeshwa Cannes, watu wakampongeza kweli kweli, mimi nikaenda kutafuta jina lake kwenye orodha sikuliona. Katupiga huyu? – Sitaki Ugomvi*

Poa sana. Siyo lazima awe kawapiga, inawezekana kasema ukweli ila kaukata katikati.

Cannes siyo kitu kimoja. Kuna uteuzi rasmi, na ndani yake kuna shindano kuu ambalo ndo lenye Palme d'Or, kuna Un Certain Regard iliyoanza 1978 ambayo ina jopo lake na tuzo zake na huwa inachukua filamu za waongozaji wapya au zenye mtindo wa kipekee, kuna filamu za nje ya shindano (zile kubwa kubwa zinazokuja kuleta mastaa kwenye zulia), kuna za usiku wa manane, kuna Cannes Première iliyoongezwa 2021, kuna filamu fupi na kuna za wanafunzi wa vyuo. Hizo zote ukisema umechaguliwa na Cannes hakuna wa kukubishia.

Halafu kuna sehemu za pembeni ambazo zinafanyika mji uleule siku zilezile lakini zina mabosi wao na kamati zao. Wiki ya Wakosoaji ipo tangu 1962. Wiki Mbili za Waongozaji zilianza 1969 na zenyewe zina stori tamu, mwaka mmoja kabla yake Ufaransa ilikuwa inawaka, wanafunzi barabarani, wafanyakazi wamegoma, na waongozaji kina Jean-Luc Godard na François Truffaut wakasema haiwezekani sisi tukae tunaangalia sinema huku nchi iko hivi, wakafika hadi kung'ang'ania pazia la ukumbi lisifunguliwe, tamasha likavunjwa katikati na tuzo hazikutolewa kabisa mwaka huo. Mwaka uliofuata waongozaji wakaanzisha uwanja wao. Mimi hata leo nikiona filamu imetoka huko naipa macho ya ziada, kuna majina mengi makubwa yaliyoanzia hapo.

Halafu sasa kuna soko. Soko la filamu la Cannes linaitwa Marché du Film, lipo tangu 1959 na ndo kubwa duniani, na pale ukilipa unapata chumba unaonyesha filamu yako kwa wanunuzi. Hakuna kamati ya kukuchagua, ni biashara, kama unavyolipia meza kwenye maonyesho. Filamu iliyoonyeshwa sokoni "imeonyeshwa Cannes" kweli, ila haikuchaguliwa na Cannes. Kwa hiyo jamaa yako muulize kistaarabu tu, "hongera ndugu yangu, ilikuwa sehemu gani?" Mwenye filamu iliyochaguliwa atakutajia sehemu kabla hujamaliza swali. Akianza kuzunguka, muache, usigombane na mtu kwa ajili ya filamu.

*Habari ya kazi kaka. Mimi nahisi hizi tuzo zinatolewa kwa kujuana. Rais wa jopo anampa rafiki yake, mwaka mwingine naye anapewa. Nithibitishie kwamba si kweli. – Mzee wa Mashaka*

Salama mzee wangu. Siwezi kukuthibitishia hivyo, ila naweza kukueleza inavyokwenda halafu uamue mwenyewe.

Jopo la shindano kuu Cannes kwa kawaida lina watu tisa, rais na wenzake wanane. Berlin huwa saba. Wanachanganywa waongozaji, waigizaji, waandishi, kutoka nchi mbalimbali, na mwenye filamu kwenye shindano hawezi kuwa jaji. Kura ni za siri. Siku ya mwisho wanapelekwa kwenye jumba la kifahari nje ya pilika za mji, wananyang'anywa simu, na hawatoki mpaka wamalize. Mchana huohuo tamasha linawapigia simu watu wa filamu zilizoshinda na kuwaambia tu "msiondoke" au "rudini", bila kusema wameshinda nini. Ndo maana ukiona fulani karudi Cannes siku ya mwisho wakati alishaaga, waandishi wanaanza kupiga hesabu.

Kujuana sasa. Dunia ya sinema za aina hii ni ndogo, watu wameshafanya kazi pamoja, wameshakula pamoja, wengine wameshapendana wakaachana. Mwaka 2009 Isabelle Huppert alikuwa rais wa jopo Cannes na Palme d'Or ikaenda kwa Michael Haneke, ambaye alimuongoza kwenye filamu iliyompa yeye mwenyewe tuzo ya mwigizaji bora palepale Cannes 2001. Mwaka 2010 Quentin Tarantino alikuwa rais wa jopo Venice na Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya huko, akaenda kwa Sofia Coppola, mpenzi wake wa zamani. Watu walisema sana, yeye akasema jopo zima lilikubaliana. Mimi filamu ya Haneke nimeiona na sina shida nayo hata kidogo, yule angeshinda hata jopo likiongozwa na adui yake. Hiyo nyingine mh, tuendelee.

Kinachonisumbua mimi kuliko urafiki ni mkono wa wakubwa. Venice ndo tamasha kongwe, lilianza 1932, na 1938 wakati wa Mussolini tuzo kubwa ikagawanywa kati ya filamu ya Kiitalia ya kusifia marubani wa vita na filamu ya Kijerumani ya Leni Riefenstahl kuhusu Olimpiki, kila mtu akajua majaji wamebanwa. Wafaransa wakaondoka na hasira wakaenda kupanga tamasha lao Cannes lifunguliwe tarehe 1 Septemba 1939, ambayo bahati mbaya ndo siku Hitler alivamia Poland, likafa kabla halijaanza, ikabidi lisubiri hadi vita viishe. Kwa hiyo Cannes yenyewe imezaliwa kutokana na ugomvi wa majaji. Berlin nao 1970 jopo liligombana vibaya kwa ajili ya filamu moja ya Kijerumani iliyohusu unyama wa wanajeshi wa Marekani Vietnam, rais wa jopo alikuwa Mmarekani, George Stevens, mwisho jopo zima likajiuzulu na shindano likafutwa. Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya Berlin, mwaka huo hakupewa mtu.

Na kuna kitu kingine ambacho watu wanakiona ni njama kumbe ni kanuni. Mwaka 1991 filamu ya ndugu Coen, Barton Fink, ilibeba Palme d'Or, tuzo ya uongozaji na ya mwigizaji wa kiume, yote peke yake. Baadaye Cannes ikabana, filamu yenye Palme d'Or kwa kawaida haichukui na nyingine, tuzo zisambae. Sasa majaji nao wajanja, 2013 jopo la Steven Spielberg lilitaka kuwatuza waigizaji wawili wa filamu ya Abdellatif Kechiche na kanuni haikuruhusu, wakaamua Palme d'Or yenyewe iende kwa watu watatu, mwongozaji na hao mabinti wawili. Kwa hiyo ukiona mwigizaji uliyemshangilia kakosa, angalia kwanza filamu yake imepata nini, huenda kakosa kwa sababu filamu imeshinda.

Mwisho kwenye hili, hawa majaji ni binadamu tu jamani. Mwaka 2021 Spike Lee, rais wa kwanza mweusi wa jopo la Cannes, aliambiwa aanze na tuzo ya kwanza kutolewa, yeye akasikia tuzo ya kwanza akatangaza mshindi wa Palme d'Or mwanzoni mwa shughuli. Laivu. Wenzake wameshika vichwa. Ukitafuta hiyo video utacheka.

*Filamu ikipigiwa makofi dakika 20 inakuwaje inakosa tuzo? – Mama Wawili*

Kwa sababu wanaopiga makofi siyo wanaopiga kura, mama. Ukumbini siku ya kwanza wamekaa watu wa filamu hiyohiyo, wasambazaji wake, waalikwa, na kamera iko usoni kwa mwigizaji sasa nani ataacha kupiga? Pan's Labyrinth ya Guillermo del Toro inasemekana ilipigiwa dakika 22 Cannes 2006, na majaji hawakuipa tuzo hata moja. Na upande wa pili Taxi Driver ilizomewa 1976 na ikabeba Palme d'Or. Ila siyo kwamba makofi ni uongo siku zote, Venice 2025 The Voice of Hind Rajab ya Kaouther Ben Hania wa Tunisia ilipigiwa zaidi ya dakika 20 watu wanalia, na jopo likaipa tuzo ya pili kwa ukubwa. Wengi walitaka iwe ya kwanza. Mimi mmojawapo.

*Anko, Waafrika tumeshinda mara ngapi? Naona kila mwaka ni wao kwa wao. – Damu Moja*

Palme d'Or mara moja. 1975, Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria, filamu inayoitwa Chronique des années de braise kuhusu Waalgeria mpaka kuanza kwa vita vyao vya kudai uhuru, na imetuzwa palepale Ufaransa, miaka 13 tu baada ya uhuru wenyewe. Mzee alifariki Mei 2025 na mpaka anafariki hakuna Mwafrika mwingine aliyeifikia kwa filamu ya nchi ya Kiafrika.

Ila ukihesabu Palme d'Or tu utajiumiza bure. Souleymane Cissé wa Mali alipata Tuzo ya Jopo kwa Yeelen 1987. Idrissa Ouedraogo wa Burkina Faso alipata Grand Prix, ambayo ndo ya pili kwa ukubwa Cannes, kwa Tilaï 1990. Mahamat-Saleh Haroun wa Chad akapata Tuzo ya Jopo 2010. Mati Diop, mwenye asili ya Senegal, akapata Grand Prix 2019 na huyo alikuwa mwongozaji mwanamke mweusi wa kwanza kabisa kuingia shindano kuu, 2019 jamani, tamasha lina miaka zaidi ya 70. Berlin ndo imekuwa na mkono mwepesi kidogo kwetu, 2005 Dubu wa Dhahabu alikwenda Afrika Kusini kwa U-Carmen eKhayelitsha, opera iliyoimbwa Kixhosa, na 2024 akaenda kwa Dahomey ya huyohuyo Mati Diop, filamu ya kweli kuhusu hazina 26 ambazo Ufaransa ilizirudisha Benin. Na unajua rais wa jopo lililotoa hiyo alikuwa nani? Lupita Nyong'o, dada yetu wa Kenya, rais wa kwanza mweusi wa jopo la Berlin.

Sasa utasema aha, ndo kujuana kwenyewe huko! Mi nasema rudi kwenye jibu langu la kwanza. Jopo linaweza kuwa na Lupita au na nani, kama kwenye zile 20 hakuna filamu ya Kiafrika, atampa nani? Kuna miaka mingi kusini mwa Sahara hapakuwa na hata moja kwenye shindano kuu la Cannes. Mlango uko pale kwenye uchaguzi, na kabla ya hapo uko kwenye hela, maana nyingi ya filamu zetu zinazofika huko zimetengenezwa kwa ubia na Ufaransa, Ujerumani au nchi nyingine ya Ulaya, na anayetoa hela ana prodyuza wake anayejua nani wa kumpigia. Siyo rushwa hiyo, ni kujulikana tu, lakini matokeo yake unayaona.

Kwa upande wa mashariki mambo yanasogea japo polepole. Rafiki ya Wanuri Kahiu ndo filamu ya kwanza ya Kenya kuingia uteuzi rasmi wa Cannes, 2018, kwenye Un Certain Regard, na nyumbani ikafungiwa kwa sababu ya mapenzi ya mabinti wawili, mpaka mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu ili itimize masharti ya kufikiriwa kupelekwa Oscar, kumbi zikajaa, halafu waliochagua wakapeleka Supa Modo ya Likarion Wainaina. Supa Modo nayo si ya kubeza, mwaka huohuo ilikuwa Berlin kwenye sehemu ya watoto. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilizinduliwa Toronto 2021. Wasomali wameingia uteuzi rasmi wa Cannes 2024 na The Village Next to Paradise ya Mo Harawe, na mwaka huohuo Rungano Nyoni wa Zambia akapata tuzo ya uongozaji Un Certain Regard. Nigeria na ukubwa wote ule wa Nollywood imeingia kwa mara ya kwanza 2025.

Na msisahau ya kwetu wenyewe. FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, ipo tangu 1969, inafanyika kila baada ya miaka miwili, na tuzo yake kubwa, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, inakuja na faranga za CFA milioni 20. 2019 alichukua Joel Karekezi wa Rwanda, 2021 Khadar Ayderus Ahmed mwenye asili ya Somalia kwa The Gravedigger's Wife, 2025 imerudi nyumbani Burkina Faso kwa Dani Kouyaté. Ila na wao nina swali nao, tangu waanze kutoa hiyo tuzo 1972 hakuna mwanamke hata mmoja aliyeipata. Cannes tunawasema kwa kuwa na waongozaji wanawake watatu tu, Jane Campion 1993, Julia Ducournau 2021 na Justine Triet 2023, sisi tuna sifuri.

*Kwa nini Netflix hawaonekani kwenye shindano la Cannes wakati Venice wamejaa? – Mtoto wa Bando*

Ugomvi wa kumbi za sinema. 2017 Netflix walikuwa na filamu mbili kwenye shindano, wenye kumbi wa Ufaransa wakaja juu kwamba hizi haziji kuonyeshwa kwetu kwa nini zishindane hapa, na kuanzia 2018 Cannes ikaweka sharti kwamba filamu ya shindano kuu lazima ionyeshwe kwenye kumbi za Ufaransa. Ukionyesha kumbini sheria ya Ufaransa inakuzuia kuiweka mtandaoni kwa muda, wakati ule ilikuwa miezi 36, sasa imepungua lakini bado ni zaidi ya mwaka. Netflix wakasema hatuwezi, wakabeba mzigo wao wakaenda Venice, na 2018 hiyohiyo Roma ya Alfonso Cuarón ikachukua Simba wa Dhahabu. Barbera wa Venice lazima alitabasamu. Mimi nawaelewa Wafaransa, kumbi zao bado zinajaa kwa sababu wanazilinda, ila najua wasomaji wangu wengi mnaangalia kwenye simu kwa hiyo mtaniona mzee.

*Mshindi wa Palme d'Or anapewa shilingi ngapi? – Mhasibu*

Hapewi. Anapewa tawi la mtende lenye gramu 118 za dhahabu ya karati 18, likiwa juu ya kioo, na makofi. Hela inakuja baadaye kwa kuuza filamu nchi nyingi. Wenye kutoa hela taslimu mara nyingi wanawalenga wanaoanza, Venice kwa mfano inatoa dola 100,000 kwa filamu bora ya kwanza, ambayo kwa mtu anayeanza ni kubwa kuliko simba yeyote. Na Cannes inayo Caméra d'Or kwa filamu ya kwanza tangu 1978, inahesabu hata zile sehemu za pembeni, ila hiyo ni heshima.

*Hivi ukishinda Cannes si ndo umeshinda na Oscar? – Najifunza*

Hapana. Oscar wanapiga kura maelfu ya watu wa tasnia, Cannes tisa, kwa hiyo ladha haifanani. Ukiacha The Lost Weekend iliyobeba tuzo kuu ya Cannes na Oscar enzi zile kabla Palme d'Or haijaanzishwa, filamu tatu tu ndo zimepata Palme d'Or na Oscar ya filamu bora, nazo ni Marty, Parasite na Anora. Kama unataka tamasha la kubashiria Oscar angalia Toronto, kule tuzo kubwa inatolewa na watazamaji wa kawaida.

*Shikamoo anko, mimi nina filamu yangu fupi ya dakika 22, ya kwanza. Nimepata imeili ya tamasha la Ulaya inasema filamu yangu imeshinda tuzo ya mwongozaji bora, nilipe ada ya kutumiwa kombe na cheti. Sikumbuki kama niliwatumia. Nilipe? – Dairekta Mpya*

Marahaba mwanangu. Usilipe. Tamasha la kweli unaweza kulilipa ada ya kutuma filamu kabla hujachaguliwa, hiyo ni kawaida na kwenye jukwaa la mtandaoni la kutuma filamu kama FilmFreeway utaiona imeandikwa wazi, na inapanda kadiri unavyochelewa. Lakini kulipa baada ya kushinda ili upewe ulichoshinda, hiyo ni biashara ya makombe. Kuna mengi ya hivyo, yanatoa tuzo kila mwezi, kategoria mia, hayana ukumbi, hayana mtazamaji. Jiulize vitu vitatu tu, wanaonyesha wapi, majaji wao ni kina nani kwa majina, na filamu zilizoshinda miaka iliyopita zimekwenda wapi baada ya hapo. Ukikosa majibu kwenye tovuti yao, futa hiyo imeili.

Sasa hiyo dakika 22. Shindano la filamu fupi Cannes mwisho ni dakika 15 pamoja na majina ya mwisho, kwa hiyo huko hauna nafasi labda uikate, na usiikate kwa ajili ya Cannes kama hadithi inahitaji hizo 22. Berlin wanapokea hadi 30, na Clermont-Ferrand kule Ufaransa, ambalo ndo tamasha kubwa kuliko yote la filamu fupi, nako unaingia bila shida. Oscar wenyewe filamu fupi kwao isizidi dakika 40, na njia mojawapo ya kuingia ni kushinda kwenye matamasha wanayoyatambua, orodha yake wanaitoa wenyewe, ipitie kabla hujatumia hela ya ada.

Na tafadhali sana, USIIWEKE YouTube kwanza. Najua una hamu watu waione na marafiki wanakusumbua linki, lakini matamasha makubwa mengi yanataka wao ndo wawe wa kwanza kuionyesha, Cannes filamu ikishakuwa mtandaoni hawaipokei. Waandalie trela fupi ya kuwatuliza, filamu yenyewe weka kwenye linki yenye neno la siri, na hilo neno la siri ukishawatumia matamasha usilibadilishe mpaka wote wamekujibu, maana kuna kamati zinaifungua usiku wa mwisho kabisa na ikikataa kufunguka wanaenda ya mtu mwingine.